Nimepima kisima, udongo na barabara. Mke wangu anasema sijapima usiku ule

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamume wa miaka 46, nina mke na watoto watatu. Naishi Dar es Salaam tangu nikiwa na miaka 19, lakini kwetu ni Tabora, Wilaya ya Sikonge, kijiji ambacho naomba nisikitaje kwa sababu ndugu zangu wanasoma safu hii.

Mwaka jana nilipunguzwa kazini. Sikulia sana, kwa sababu wazo la kurudi kijijini lilikuwa limeshaniingia kitambo. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, tulinunua maji kwa dumu wiki baada ya wiki. Mwaka 2023 ukaja mgao wa umeme, na mke wangu ni fundi cherehani, mashine zake mbili ni za umeme, wateja wakahamia kwingine. Aprili 2024 mvua ikaingiza maji ndani ya nyumba yetu, tukalala watu watano juu ya meza na kabati tukisubiri kukuche. Nikakaa nikafikiri. Maji yetu yanatoka kwa mtu, umeme wetu unatoka kwa mtu, unga wetu unatoka kwa mtu, na mmoja wao akikwama sisi tumekwisha.

Babu yangu aliacha shamba la ekari 22. Baba mdogo ndiye anayelitunza, na watoto wake wanalima sehemu. Nimekwenda kulitazama mara mbili, Juni 2024 na Julai 2025, kila mara kwa wiki mbili. Mama, mimi si mtu wa kukurupuka. Nilikwenda na daftari, kila kitu nikakipa alama, juu kabisa tano. Kisima cha baba mdogo kina futi 30 na maji yamejaa: nne. Udongo, kichanga chekundu juu na mbuga nyeusi, yaani udongo mzito wa bondeni wa kulimia mpunga, chini: nne. Kuni na miti ya kujengea: tano. Nyuki na malisho: tano. Usalama: tano, watu wanalala milango wazi. Barabara, kilomita 38 za vumbi hadi Sikonge mjini, saa moja na nusu kwa bodaboda: tatu. Simu, inashika ukipanda juu ya kichuguu: tatu. Afya, kuna zahanati kilomita sita: tatu. Shule: mbili. Jumla 34 kati ya 45. Nimepanga kuweka tanki la lita 5,000, sola, mizinga 40, na ghala la chakula cha mwaka mzima. Kukitokea lolote nchini, sisi tutakuwa tumetulia.

Tatizo ni mke wangu. Yeye ni mzaliwa wa Temeke, kijiji anakijua kwa misiba tu. Nilimwonyesha daftari ukurasa kwa ukurasa. Akalisoma lote, akalifunga, akasema: "Umepima kila kitu isipokuwa usiku ule." Akaenda kulala.

Usiku huo naujua. Mtoto wetu wa mwisho, binti wa miaka saba, ana sikoseli. Machi 2023, saa nane usiku, alipandwa na homa na maumivu ya mifupa, macho yakawa ya njano. Jirani yetu mwenye bajaji alitoka na taulo kiunoni akatukimbiza, dakika ishirini tukawa hospitali, na kabla hakujapambazuka mtoto alikuwa ameongezewa damu. Tangu hapo yuko vizuri. Anakunywa dawa zake, anakwenda kliniki, anacheza. Naamini hewa safi na chakula cha shambani vitamjenga zaidi.

Sasa ni wiki sita hatuzungumzi ila mambo ya lazima. Kaka yangu ananiambia mwanamume ndiye anayeamua, nihame, yeye atafuata. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Amepatikana mnunuzi wa nyumba yetu, bei nzuri, anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Mke wangu hajui.

Mama, nina kosa gani kutaka familia yangu ijitegemee? Nifanyeje ili mke wangu anielewe?

Mwenye Daftari,
Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu. Na kwa kuwa sisi ni wa kwetu, nakusalimu kwa Kinyamwezi: mwangaluka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, nikiona mtoto wa Sikonge aliyekaa mjini miaka 27 bado anajua kutofautisha kichanga na mbuga. Mara ya pili nilitetemeka kwa yale maji ya Aprili na watoto juu ya meza. Mara ya tatu nilibaki kwenye sentensi ya mke wako, na nimekaa hapo muda mrefu kuliko pengine popote.

Kwa jinsi ninavyokuelewa, umeona mjini kunaweza kukatika maji, umeme na kipato kwa mara moja, na hutaki tena watoto wako wakutwe hivyo. Hilo halina kosa. Ni baba gani asiyetaka kulala akijua chakula kipo? Unataka mahali penye maji, ardhi na kuni ambavyo hakuna mtu wa kuvifunga. Umetafuta, umepima, umepata, na sasa mtu unayempenda amelifunga daftari. Linauma. Ila umeniuliza namna ya kumfanya mkeo akuelewe wewe, na mimi naona kwanza tumwelewe yeye, kwa sababu nadhani mnazungumza jambo moja. Wewe unajiandaa kwa dharura ambayo huenda ikaja. Yeye anakuuliza kuhusu dharura ambayo imeshakuja, ana jina lake, na inalala chumba cha pili.

Tuanze na daftari, kwa sababu naliheshimu. Mimi ni binti wa Urambo, nimekulia huko. Umekwenda Juni na Julai. Mwanangu, Juni na Julai hata mimi ningekipa kijiji chochote cha Tabora alama 34. Mavuno yameingia, visima bado vinakumbuka masika, barabara imekauka, kuna ngoma, kuna harusi, jirani anakukaribisha kwa sababu ana cha kukukaribishia. Huko kwetu mvua ni moja tu kwa mwaka, inaanza mwezi wa 11 na kukatika mwezi wa nne au wa tano. Maana yake kisima huonekana sura yake ya kweli Septemba na Oktoba, na ghala huonekana Januari na Februari, chakula cha zamani kikiisha na kipya kikiwa bado kijani. Barabara nayo inajulikana Machi, mbuga ikishajaa maji. Miezi hiyo hujalala pale hata usiku mmoja tangu uwe mtu mzima. Muulize baba mdogo kisima kinashuka kiasi gani mwezi wa kumi, na muulize mke wake zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayeteka.

Hilo tanki nalo tulipigie hesabu pamoja. Watu watano, kila mmoja lita 20 kwa siku za kunywa, kupika na kuoga kwa kujibana, ni lita 100. Tanki la lita 5,000 litawapeleka siku 50. Kiangazi chetu ni kama siku 180, kwa hiyo mnahitaji akiba ya lita 18,000, na hapo sijamwagilia mchicha wala kumnywesha mbuzi. Habari njema ni kwamba paa linaweza kuzijaza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Hata tukichukua mvua ya milimita 800 kwa mwaka, bati la mita 60 za mraba lingeweza kukupa lita 48,000, na robo ikipotea bado una 36,000. Kwa hiyo maji yapo, pa kuyaweka ndipo hapajapatikana. Na binti yako anahitaji maji ya kunywa kuliko nyinyi nyote, kwa sababu mwenye sikoseli akikaukiwa mwilini maumivu huwa karibu kuamka.

Kuhusu ghala la mwaka mzima nina kisa. Mimi nilikuwa mdogo mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 alipoingia dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka ghalani. Wasomaji wengi hawajui kwamba mdudu yule, aliyetoka bara la Amerika, alionekana Afrika kwa mara ya kwanza huku kwetu Tabora. Baba yangu alikuwa mkulima hodari, kihenge kimejaa. Miezi michache baadaye ukishika hindi linabaki unga wa vumbi mkononi, na makopa ya mhogo hivyo hivyo. Tulikula michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, tuliyopewa na shangazi aliyekuwa na viazi vingi mwaka ule, na nsansa, mboga za majani alizokausha mama. Mtama wetu ulisalimika. Tangu hapo, mtu akiniambia ana chakula cha mwaka, namuuliza ni chakula gani, kimekaushwa vipi, kimewekwa kwenye nini. Siku hizi ipo mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inafanya kazi vizuri ukiifunga sawasawa na panya asiitoboe. Lakini ona pia nani alituokoa. Shangazi. Asingekuwepo, au tungekuwa tumegombana naye, sijui.

Hapo ndipo nataka nikuulize kwa upole kuhusu neno unalolipenda, kujitegemea. Sisi tuliokua baada ya Azimio la Arusha la 1967 tumelisikia neno hilo tangu shule ya msingi. Kwenye barua yako limekaa kama kutomhitaji mtu: maji yangu, sola yangu, ghala langu. Je, ndivyo kijiji kinavyoishi kweli? Milango iko wazi kule kwa sababu watu wanahesabiana. Kuna anayejua kutibu ng'ombe na anayejua kupiga simu kwa dereva wa lori la tumbaku apitie kubeba mgonjwa. Yule jirani wa bajaji mwenye taulo kiunoni, umemtaja kwa sentensi moja tu, na hukumpa alama. Kwenye daftari lako la Sikonge, nafasi yake ni ya nani? Na hao watoto wa baba mdogo, wanaolima sehemu ya zile ekari 22, wanajua kwamba unakuja kukaa? Wanakuona ndugu anayerudi, au mwenye mali anayekuja kudai? Ukiingia vibaya kwao, usiku wa dharura utapiga hodi kwa watu uliowanyang'anya shamba.

Ardhi yenyewe ina karatasi gani? Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia, na unaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila ikiwa mipaka imekubaliwa. Kaeni kikao cha ukoo kwanza, kisha nenda kwa mwenyekiti na mtendaji. Uliza pia mpaka wa hifadhi ya msitu uko wapi hasa. Sikonge ni misitu mitupu, na mzinga uliotundikwa upande usio wako unaweza kukuletea maneno.

Sasa niseme kuhusu mahali kuonekana pazuri. Pale Ulyankulu, mkoa wetu huu huu, mwaka 1972 walipokelewa wakimbizi wa Burundi. Msitu mkubwa, ardhi tele, watu wachapakazi kweli kweli. Haikupita miaka mingi ikaonekana maji na udongo havikutosha kwa idadi ile, na mwishoni mwa miaka ya 1970 wengi wakahamishiwa Mishamo, upande wa Mpanda. Wale hawakuwa wavivu wala wajinga. Ardhi ilikuwa na kiasi chake, na kiasi hicho hakikuonekana kwa macho siku ya kwanza.

Nirudi kwa binti yako. Afya umeipa tatu. Kwa nini tatu? Zahanati ya kilomita sita ni nzuri kwa kikohozi, kwa chanjo, kwa kupima malaria. Lakini usiku ule mtoto alihitaji damu, na damu haikai zahanati. Homa ya mtoto mwenye sikoseli haisubiri kupambazuke. Na kuna jambo lingine ambalo hewa safi haiwezi kulifuta: Dar es Salaam malaria imepungua sana, wakati Tabora bado ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi kabisa nchini, na malaria kwa mtoto wa sikoseli ni hatari kubwa. Simaanishi kwamba watoto wenye sikoseli hawaishi vijijini. Wanaishi, wengi, na wazazi wao ni mashujaa. Ninachosema ni kwamba hii si alama ya kujumlisha na alama za kuni. Kuna mambo ambayo yakipata sifuri, mengine yote hayayafidii.

Kabla ya jambo lolote, mtafute daktari wa kliniki yake, nyote wawili, mkae mbele yake na umweleze kijiji kilivyo. Kisha piga hodi hospitali ya Sikonge, na ile ya rufaa ya mkoa, Kitete, pale Tabora mjini. Uliza maswali ya mtu anayejiandaa: kliniki ya sikoseli ipo siku gani, dawa anazotumia zinapatikana mfululizo au zinakatika, damu ya kundi lake hupatikana kwa muda gani. Halafu kaa na mwenye pikipiki pale kijijini, umuulize Machi saa nane usiku anapita wapi.

Njia naziona kadhaa, na kila moja ina mwiba wake. Ya kuhama wote kwa mkupuo, kama kaka yako anavyosema, ina uzuri wa kutogawanyika, lakini mkeo akifuata kwa kulazimishwa utakuwa umejenga ghala lenye kila kitu na nyumba isiyo na maneno. Cherehani zake pia zitahitaji sola kubwa kuliko uliyoipanga, na wateja. Njia ya pili, wewe utangulie mwaka mmoja, uone masika na kiangazi chote, upande mazao, ujenge matanki, huku wao wakibaki. Utajifunza sana. Ila ndoa ambayo tayari ina wiki sita za kimya, je, itaweza mwaka wa kilomita zaidi ya 800? Hilo mnalijua nyinyi.

Njia ya tatu sijui kama uliwahi kuifikiria, nayo ni Tabora mjini, au Sikonge mjini. Tabora kuna maji ya Ziwa Victoria siku hizi, kuna reli, kuna shule, kuna Kitete, kuna wanawake wanaoshona vitenge kila wiki. Shamba linabaki mwendo wa kwenda na kurudi. Kasoro yake ni kwamba utaendelea kulipia maji na umeme kwa mtu, na hicho ndicho ulichokuwa unakikimbia, tena utagawanya nguvu zako sehemu mbili. Ya nne ni kubaki Dar, lakini kuondoka hapo maji yanapoingia ndani, na kuyaweka matanki, akiba ya unga na sola ndogo huko huko. Sipendi watu wanavyodhani kujiandaa ni lazima kuanzie porini. Hata hivyo sitakudanganya: nyumba ya watu watano mjini bila kipato cha uhakika ni mtihani, na kama moyo wako uko Sikonge, kubaki kunaweza kukugeuza mtu mwenye kinyongo.

La mnunuzi nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lililonishika koo. Kisheria, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo hata bei ikiwa nzuri kiasi gani, jibu la mwisho wa mwezi huu si lako peke yako kulitoa. Ila sheria kando. Mkeo akilisikia jambo hili kwa mtu mwingine, kila alama ya daftari lile atailinganisha nalo. Usalama uliupa tano. Yeye ataupa ngapi? Ni afadhali alisikie kwako, hata kama litaleta usiku mgumu. Na sioni ubaya wa mnunuzi kusubiri, au wa nyumba kupangishwa badala ya kuuzwa wakati mnajaribu.

Utakapomwambia, usianze na Sikonge. Mwambie ulivyoogopa Aprili ile, juu ya meza. Kwenye barua yako hofu imefunikwa na hesabu, na huenda hata yeye hajawahi kuiona. Kisha mpe kalamu. Ukurasa wa afya umwachie aandike upya, kwa maswali yake mwenyewe na alama zake mwenyewe, na usimsahihishe. Huenda akaandika sifuri. Huenda akaandika "tukiwa Tabora mjini, tatu." Sijui, na wewe pia hujui bado, kwa sababu wiki sita hakuna aliyemuuliza.

Na kama mtakubaliana uende kutazama tena, nenda mwezi wa kumi. Nenda naye akitaka. Shusha kamba kisimani kabla jua halijachomoza, kabla wengine hawajateka, upime ni futi ngapi za maji zimebaki. Kisha niandikie.